Mashine ya ECG inayojisomea: hodari wa kupima, si hodari wa kusoma

Nyota nne kwa kupima, mbili kwa kusoma. Natanguliza hukumu kwa sababu wengi mtakaofika hapa mna swali moja tu: yale maneno ambayo mashine inayachapa juu ya karatasi kabla daktari hajafika, yaaminiwe au yasiaminiwe? Inategemea ni maneno gani, na karatasi imetoka safi kiasi gani.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo. Kazi ya kupima ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, huniangukia mimi karibu kila zamu, kwa kuwa sina haraka na nyaya na wagonjwa hawanionei haya kufungua vifua. Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kubebeka, ya lidi 12 (pembe 12 za kuutazamia umeme wa moyo), yenye kioo cha kugusa, betri ya ndani na karatasi ya joto. Jina la mtengenezaji sitalitaja. Ninachokipima hapa ni ule mstari wa usomaji, na tabia zake hazitofautiani sana kutoka mashine moja hadi nyingine. Ukiwa na ya nembo nyingine, mengi ya haya utayakuta kwako pia.

Ya kawaida niyamalize haraka. Elektrodi ni 10, nne za mikononi na miguuni na sita za kifuani, na hizo ndizo zinazotoa lidi zote 12. Nyaya ni laini, na herufi zake zinasomeka hata taa za wodi zikiwa zimepunguzwa. Kioo kinakuonyesha mchoro kabla hujachapa, na elektrodi iliyolegea inawekewa alama nyekundu. Hilo peke yake limetuokolea karatasi nyingi. Ukichanganya waya wa mkono wa kulia na wa kushoto, mashine inakuonya, maana lidi I inageuka kichwa chini na lidi aVR inasimama juu. Kosa ambalo haiwezi kuliona ni lile la kila siku: V1 na V2, zile mbili za kwanza za kifuani, kubandikwa juu mno, kwenye nafasi ya pili ya mbavu badala ya ya nne. Ukifanya hivyo, V1 huweza kuonyesha kijiwimbi cha pili kinachofanana na bloku isiyokamilika ya tawi la kulia, yaani umeme kuchelewa kwenye tawi la kulia la njia yake, na mashine itaiandika bloku hiyo bila aibu yoyote. Hesabuni mbavu kwa vidole, jamani. Msikadirie kwa macho.

Nambari za kichwani mwa karatasi ndizo zilizonifanya niipende. Karatasi inatoka kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.2. Mdundo ukiwa na mpangilio, unagawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa vilivyo kati ya QRS moja (ule mwiba mrefu wa ventrikali, vyumba vya chini vya moyo) na inayofuata: vikiwa vitatu, moyo unapiga 100 kwa dakika. Mdundo ukiwa ovyo, njia hiyo haifai. Unahesabu QRS zote kwenye ukanda wa chini wa sekunde 10, unazidisha kwa sita. Nimeipima mashine kwa njia zote mbili, na karatasi ikiwa safi tunatofautiana kwa pigo moja au mawili. Kwenye upana wa QRS inanizidi kabisa. Jicho langu hupima lidi moja kwa wakati. Yenyewe inazitazama zote 12 kwa pamoja, ikachukua mwanzo ulio wa mapema kuliko wote na mwisho uliochelewa kuliko wote. QRS ninayoiona kuwa milisekunde 110 kwenye lidi II huweza kutoka 130 ikipimwa hivyo, na hapo imeshavuka mpaka wa 120 unaotenganisha nyembamba na pana.

Basi kwenye nambari hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye maneno, na chanzo chake ni kimoja: QRS ni ndefu na rahisi kuikamata, lakini mdundo unasomwa kwenye P, wimbi la atria, yaani vyumba vya juu vya moyo, na P ni kijilima kidogo, aghalabu chini ya milimita mbili na nusu, kinachomezwa na mtetemo wa misuli, na pumzi, au na T, wimbi linalofuata QRS, ya pigo lililotangulia. Mashine hii ni kama bawabu anayehesabu wageni kwa kutazama warefu tu. Kila kosa la mdundo nililowahi kuliona likichapwa juu ya karatasi zake, ukilifuatilia hadi mwisho unakuta P iliyopotea au P iliyobuniwa.

Ikiandika mdundo wa sainasi wa kawaida, ule unaoanzia kwenye kianzio cha asili cha moyo, na karatasi haina uchafu, mara nyingi sina la kuongeza. Imeona P mbele ya kila QRS, zimesimama kwenye lidi II, zimeinama kwenye aVR, na umbali wa PR, toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, uko kati ya milisekunde 120 na 200. Kwa watu wazima wanaokuja kupimwa kabla ya upasuaji mdogo, usomaji huo unasaidia sana foleni iende. Matatizo yanaanza mdundo unapoacha kuwa wa kawaida, yaani pale hasa tulipoihitaji.

Niende kwenye fibrilesheni ya atria, yaani atria kutetemeka ovyo badala ya kupiga, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa mara nyingi kuliko aritimia (midundo isiyo ya kawaida) nyingine zote, kwa haki na bila haki. Alikuja mama mmoja mtu mzima, mchangamfu, anasubiri upasuaji wa jicho. Karatasi ikatoka imeandikwa fibrilesheni ya atria, herufi nene. Daktari wa zamu, kijana mzuri lakini amechoka, alikuwa ameshaanza kumweleza habari za dawa ya kuzuia damu kuganda.

"Daktari, hebu nitazamie hii T."

"Sista, mashine imeshasema. Si unaona hazina mpangilio?"

"Naziona. Lakini itazame T hii, halafu zile za jirani zake."

Ukanda wa chini ulikuwa na mapigo yaliyopangika vizuri, kisha moja linawahi, kisha kimya kifupi, kisha yanapangika tena. Mbele ya kila pigo lililowahi, T ilikuwa na ncha isiyokuwapo kwenye T nyingine. Ncha hiyo ni P ya mapema iliyokaa juu ya mgongo wa T. Na mapigo yaliyobaki yote yalikuwa na P zake, ndogo lakini za umbo moja, kwa umbali mmoja. Huo ni mdundo wa sainasi wenye mapigo ya mapema ya atria. Fibrilesheni haina P kabisa, na nafasi kati ya QRS hazirudii mpangilio wowote, hata ukizitafuta kwa rula. Mashine ilipima nafasi, ikakuta zinatofautiana, P ikazikosa, ikahitimisha. Daktari akachora duara kwenye ile T kwa kalamu, akarudi kwa mama na maneno mengine kabisa.

Kosa hili si dogo. Fibrilesheni ya kweli huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, ndiyo maana dawa inaanzishwa, na mara nyingi ni dawa ya maisha. Ukimpa mtu asiye na ugonjwa huo umemwongezea hatari ya kutokwa damu bure. Kuna na kosa la upande wa pili, nalo halisemwi sana. Mgonjwa mwenye betri ya moyo, kile kifaa kinachosukuma mapigo, QRS zake zinasukumwa na betri, zimepangika vizuri. Mashine inaandika "mdundo wa betri" na kunyamaza. Tazama chini ya zile QRS, kwenye mstari wa msingi hasa katika V1, uone kama atria zinatetemeka. Zikiwa zinatetemeka, fibrilesheni ipo palepale, imefichwa na mpangilio wa betri, na hatari ya kiharusi ni ileile.

Wenye saa na vifaa vya kidole vinavyochukua lidi moja kwa sekunde 30, mnaniuliza sana kama vinafaa. Vinafaa kwa mtu ambaye mapigo yake yanamjia na kuondoka kabla hajafika hospitali, kwa sababu vinanasa kitu ambacho sisi tungekikosa. Lakini peleka ule mchoro wenyewe, si sentensi iliyo chini yake. Na havitambui mshtuko wa moyo: mwenye maumivu ya kifua asikae kitandani akingoja saa impe jibu.

Sasa 150. Nikiona moyo unapiga 150 kwa dakika, au karibu na hapo, na mashine imeandika takikadia (mapigo ya kasi) ya sainasi, sitoki kitandani kwa mgonjwa. Katika flata ya atria, umeme unazunguka kwenye atria ya kulia kiasi cha mara 300 kwa dakika. Nodi ya AV, mlango wa umeme kati ya atria na ventrikali, haiwezi kupitisha zote. Hupitisha moja katika kila mbili, na ventrikali zinapiga 150. Wimbi moja la flata linaonekana mbele ya QRS, limekaa mahali ambapo P ingekaa. La pili limejificha ndani ya QRS au ndani ya T. Mashine inaona kijilima kimoja mbele ya kila QRS, inaridhika. Kwa mantiki yake, imefanya kazi yake.

Namna ya kuikamata ni mbili. Ya kwanza ni uvumilivu: mdundo wa sainasi huwa unapumua. Homa ikishuka, maumivu yakipoa, mgonjwa akisinzia, unatoka 150 hadi 138, unarudi 144. Flata inakaa 150 saa nzima, haijali mgonjwa anafanya nini. Niliwahi kuwa na mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti, miguu ameikunja, hana homa, hana kiu, hana hofu, monita inasema 149, 150, 149. Moyo wa mtu anayesoma gazeti hauna kazi ya kwenda hivyo. Ya pili ni kuipindua karatasi juu chini na kutazama lidi II, III na aVF. Meno ya msumeno ya flata huelekea chini kwenye lidi hizo, na jicho letu limezoea kutafuta vilima, si mabonde. Ukiigeuza, lile bonde la pili ndani ya T linakuwa kilima, na linaonekana.

Bado ukiwa na shaka, daktari ataipunguza kasi ya nodi, kwa mgonjwa kujikaza pumzi kisha kuinuliwa miguu, au kwa adenosini inayosukumwa haraka mshipani. Hapa naisifu mashine kwa dhati: ina kitufe cha kuchapa ukanda mfululizo bila kikomo cha sekunde 10. Kibonyezeni kabla dawa haijaingia. Flata haitaisha kwa adenosini, lakini nodi ikifunga kwa sekunde chache, QRS zinatoweka na msumeno unabaki peke yake, wazi, hata mwanafunzi ataujua. Sekunde hizo zisipochapwa zimekwenda. Na mwambieni mgonjwa mapema kwamba atahisi vibaya sana kwa muda mfupi, kifua kitabana, na itapita. Wengi hudhani wanakufa.

Kinyume cha hayo ni flata isiyokuwapo. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, mkono wa kulia unatetemeka juu ya blanketi, karatasi ikatoka imeandikwa flata ya atria. Ukiutazama ukanda, ungeapa ni msumeno. Sababu yake ni hesabu: mtetemo wa ugonjwa huo huwa kati ya mara nne na sita kwa sekunde, yaani 240 hadi 360 kwa dakika, na flata nayo iko humohumo. Lakini mkono hauwezi kuzidanganya lidi zote. Lidi I inapima kati ya mikono miwili. Lidi II inapima mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Lidi III inapima mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, mkono wa kulia haimo. Anayetetemeka mkono wa kulia, III yake itakuwa safi, wa kushoto, II itakuwa safi, mguu, I. Kwa mzee yule, lidi I na II zilikuwa msumeno mtupu, na III ilikuwa na P nzuri, moja kwa kila QRS. Flata ya kweli haichagui lidi hivyo. Nilizisogeza elektrodi kutoka vifundoni hadi karibu na mabega, nikamwomba, "Mzee, naomba uikalie mikono yako kidogo," akacheka, akaikalia, na karatasi ya pili ikasoma mdundo wa sainasi. Zote mbili tuliziweka kwenye faili, ya kwanza ikiwa imeandikwa kwa mkono kwamba ni mtetemo, ili asije mwingine akaisoma peke yake.

Kosa linalonitisha kuliko yote ni la kuhesabu maradufu. Nimesema karatasi ikiwa safi hesabu ni sahihi. Kuna hali moja ambayo karatasi ni safi na hesabu ni uongo. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, potasiamu imepanda, T zake ni ndefu, nyembamba, zenye ncha ya kuchoma. Mashine ikazihesabu T hizo kama QRS, ikaandika mapigo 128. Kidole changu kwenye kifundo chake kilikuwa kinahesabu 64. Juu ya kosa hilo ikajenga la pili: takikadia. Angefika mtu akaamini neno hilo, angetafuta homa, angetafuta damu iliyopotea, huku ugonjwa wenyewe uko wazi kwenye ile T. Potasiamu ikizidi kupanda, P zinalala hadi zinapotea, QRS inatanuka, mwishowe QRS na T zinaungana kuwa wimbi moja pana, na baada ya hapo moyo husimama. Yule alipewa kalsiamu mshipani kabla majibu ya maabara hayajarudi, na QRS ikaanza kusinyaa tukiwa tunaitazama kwenye kioo. Shikeni kifundo cha mkono kila mara. Mashine haina kidole.

Kwenye takikadia yenye QRS pana, nilitarajia vituko na sikuvipata. Haijifanyi kujua. Inaandika kwamba mdundo ni wa kasi, QRS ni pana, fikiria takikadia ya ventrikali, na inapiga kengele. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana kwa mtu mzima, hasa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, mdundo wa namna hiyo huhesabiwa kuwa wa ventrikali mpaka ithibitishwe vingine, na asiye imara hupelekwa kwenye mshtuko wa umeme, si kwenye mjadala. Mgonjwa akiwa imara, na karatasi unayo mkononi, tafuta P zinazotembea kwa mwendo wake bila kujali QRS. Tafuta pia pigo moja jembamba linalochomoza katikati ya mapana: atria imefanikiwa kupenya mara moja, na pigo hilo moja linamaliza ubishi. Mashine haijawahi kunionyesha hata moja ya ishara hizo. Jambo lingine isilolisema: kasi kubwa, QRS pana zinazobadilika umbo kila pigo, na hazina mpangilio hata kidogo. Hiyo inaweza kuwa fibrilesheni inayopita njia ya ziada ya umeme, isiyopitia nodi, ile ya ugonjwa ulioelezwa na Wolff, Parkinson na White mwaka 1930, na dawa za kufunga nodi ya AV zinaweza kumuua mgonjwa huyo. Kwenye karatasi zao za siku za kawaida, mashine yangu huandika "PR fupi" na kuishia hapo, wakati ule mteremko wa delta mwanzoni mwa QRS unaonekana kwa macho makavu.

Kwenye bloku za moyo, yaani umeme kucheleweshwa au kukatwa kati ya atria na ventrikali, inaudhi, na ubaya ni kwamba inaudhi kimyakimya. Inatoa PR moja tu, ya wastani. Lakini bloku ya Wenckebach ni hadithi ya PR inayorefuka: 200, 260, 310, kisha P inabaki bila QRS, kisha inaanza upya. Ukitoa wastani umeifuta hadithi nzima. Karatasi ya namna hiyo niliyonayo imeandikwa mdundo wa sainasi usio na mpangilio, PR 250, basi. Wenckebach mwenyewe aliieleza tabia hii mwaka 1899, kabla Einthoven, mwasisi wa ECG, hajaleta galvanometa yake, kwa kuchunguza michoro ya mapigo ya mishipa tu, bila kuona P hata moja. Nasi tuna kompyuta.

Tofauti yake na bloku ya Mobitz ya pili, ambamo PR haibadiliki na QRS inakatika ghafla, ni tofauti ya kumwangalia mgonjwa na kumpigia simu mtaalamu wa betri usiku huohuo. Njia yangu haina gharama: chukua kipande cha karatasi, kiweke chini ya ukanda, weka alama ya kalamu kwenye P tatu zinazofuatana, kisha kisogeze mbele. P zikiendelea kuangukia kwenye alama huku QRS zina mwendo wake tofauti wa polepole, hiyo ni bloku kamili. P inayokosekana mahali pake mara nyingi iko ndani ya T. Alama itakuonyesha T gani ya kuichunguza. Na sekunde 10 hazitoshi kwa haya. Kitufe kile cha ukanda mfululizo, tena.

QT, muda toka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, ni suala la mipangilio zaidi kuliko la akili ya mashine. Imetoka kiwandani ikitumia fomula ya Bazett, ya mwaka 1920, inayogawa QT kwa kipeuo cha pili cha nafasi ya RR, yaani kati ya QRS moja na inayofuata. Moyo ukienda kasi, fomula hiyo hutia chumvi. QT ya 320 kwenye mapigo 120 inatoka 452 kwa Bazett, na 403 kwa Fridericia, iliyochapishwa mwaka uleule na inayotumia kipeuo cha tatu. Yaani mgonjwa mmoja, pigo moja, na kimoja kinakutisha kingine hakikutishi. Ingia kwenye menyu, badilisha, au chapa zote mbili kama sisi tulivyofanya. Ila ikivuka 500 kwa fomula yoyote, na mgonjwa anatumia dawa zinazorefusha QT, usibishane na fomula. Hapo kuna hatari ya ile takikadia ya QRS zinazojisokota kuzunguka mstari, ambayo Dessertenne aliipa jina torsades de pointes mwaka 1966.

Filta nazo, vichujio vya mchoro. Ilikuja ikiwa imewekwa hezi 40, na karatasi zilikuwa nzuri mno, laini, za kupendeza. Uzuri huo una bei yake: miiba ya betri ya moyo ilikuwa inafutika, na vile vipembe vidogo ndani ya QRS vinalainishwa. Tumeipandisha hadi 150, karatasi zikachakaa kidogo kwa sura na zikaanza kusema kweli. Mtetemo wa misuli ukizidi, mfunike mgonjwa kwanza. Nusu ya wanaotetemeka wana baridi tu.

Madogo madogo: mashine inaomba umri na jinsia, na wengi huruka hapo ili kuwahi. Msiruke. Isipopewa umri inamchukulia kila mtu kuwa mtu mzima, na mtoto mchanga mwenye mapigo 140, ambayo ni yake ya haki, ataandikwa takikadia. Betri inadumu zamu nzima bila malalamiko. Karatasi ya joto inafifia ikikaa juani au ikiguswa na spiriti ya mikono, kwa hiyo piga nakala ile inayotakiwa kutunzwa. Maandishi ya "ECG si ya kawaida" yanachapwa kwa ukubwa kuliko kitu kingine chochote, na mgonjwa akiyaona kabla hujamweleza anapauka. Mimi hukunja kichwa cha karatasi nyuma kabla sijaiweka kitandani. Kukunja huko kuna faida ya pili: daktari anaanza na mchoro, anasema lake, ndipo anafunua la mashine. Wakitofautiana, hapo ndipo panapotakiwa jicho la tatu.

Nani ainunue? Wodi au kliniki ambayo ina mtu wa kuitazama P. Hao watapata vipimo bora kuliko vya jicho, na ukanda mrefu wakiutaka. Kituo kisicho na msomaji kiangalie kwanza kama mashine inatuma mchoro halisi kwa mtaalamu aliye mbali. Hii yangu inatuma, lakini ilipotoka kiwandani ilikuwa inatuma ukurasa wa muhtasari tu, nambari na maneno bila mawimbi, mpaka tulipobadilisha kwenye menyu ya mtandao, ukurasa wa pili, chini kabisa.